Neno lipi la Kiingereza linafaa kwa zuzu, mjinga na mpumbavu?

Swali: Mwanapwani, Mombasa

Ndugu zangu wapenda lugha, salamu nyingi. Nafasiri kwa Kiingereza ngano za pwani kwa ajili ya watoto wa Waswahili wanaokulia Uingereza na Kanada, ambao huelewa Kiswahili cha nyumbani lakini husoma kwa Kiingereza, na kuna ngano moja iliyonikwamisha kwa sababu kila mtu ndani yake ana neno lake la kumtaja aliyepungukiwa.

Ngano yenyewe ni ile ya Juha na punda wake, ambayo wengi mnaijua kwa namna moja au nyingine. Juha anaswaga punda kumi kwenda sokoni huku amempanda mmoja wao. Kila akiwahesabu akiwa juu ya punda anapata tisa, na kila akishuka anapata kumi. Katika masimulizi niliyonayo, mfanyabiashara mmoja anamwona akihangaika, anasubiri mpaka apande tena, kisha anamwambia kwamba atawanunua punda wote kwa bei ya tisa, kwa kuwa yeye mwenyewe amekiri kuwa ni tisa. Jioni mkewe anapoziona fedha anauliza hesabu, anacheka, kisha anasikitika na kumwambia, “Zuzu wewe, mume wangu! Na yule uliyempanda je?” Wanakwenda kwa kadhi. Mfanyabiashara anajitetea, “Mimi nina kosa gani ikiwa huyu ni mpumbavu?” Kadhi anamjibu, “Huyu ni mjinga, na mjinga hufundishwa. Mpumbavu ni wewe, uliyejua hesabu ukaitumia kumla mwenzio.” Ngano inafungwa kwa methali: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Kamusi nilizonazo zinanipa “fool”, “idiot”, “stupid person”, “simpleton” na “dunce”, nazo zinayatawanya maneno hayo kwa zuzu, kwa mjinga, kwa mpumbavu na kwa juha bila kutofautisha. Nikizifuata, hukumu ya kadhi inakufa palepale, kwa sababu uzito wake wote uko katika kumwondolea mtu neno moja na kumvika mwingine. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: ni neno gani liende kwa nani, na ni maneno gani ambayo hayafai kabisa kuwekwa mbele ya mtoto anayesoma Kiingereza cha leo?

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Tanga

Ndugu Mwanapwani, umeuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na cha nne walikuwa wakiliuliza kila mwaka kwa namna mbalimbali, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize linalaumu kitu gani. Kuna maneno yanayolaumu tendo au uamuzi, kuna yanayolaumu akili yenyewe, na kuna yasiyolaumu chochote ila kueleza kwamba mtu hajui. “Foolish” na “stupid” huonyesha mpaka huo vizuri. Mtu mwenye shahada tatu anaweza kumkopesha jirani akiba yake yote bila maandishi wala shahidi, na Mwingereza akasema kwamba amefanya jambo “foolish”, maana yake akili anayo lakini hakuitumia. Akisema ni “stupid”, ameshaanza kuitilia shaka akili yenyewe, na ndiyo maana neno hilo linauma zaidi, hasa linapotumiwa kama jina la kumwitia mtu. Asili yake ni Kilatini, kitenzi chenye maana ya kupigwa na bumbuwazi, na nimefurahi siku zote kuona kwamba mpumbavu wetu naye ametokana na kupumbaa, yaani kuduwaa mtu asijue la kufanya. Mwanzo wao unafanana, lakini safari zao hazikufanana. Mpumbavu wa Kiswahili amebaki upande wa mwenendo, ilhali “stupid” limehamia upande wa uwezo.

Kwa mke wa Juha ninapendekeza “silly”. Hili ni neno pole kuliko yote uliyoyataja na usiyoyataja. Mama humwambia mtoto, mke humwambia mume, na hakuna anayelala na kinyongo. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya aliyebarikiwa, na ndugu yake wa Kijerumani, “selig”, bado ana maana hiyo hadi leo. Likashuka polepole kuwa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, hatimaye asiye na busara. Huruma ile ya katikati ya safari bado inasikika ndani yake, na zuzu anapotamkwa na mke anayecheka kisha akasikitika anahitaji huruma hiyohiyo. Angalia tu kwamba “silly” ni kivumishi, halisimami peke yake, kwa hiyo andika “You silly man”. Kaskazini mwa Uingereza wangeweza kusema “daft” kwa upole uleule, lakini mtoto wa Kanada hatalizoea.

Usitumie “dumb”, hata kama watoto wa Marekani wanalitumia kutwa. Maana yake ya kwanza ni bubu, na maana ya kukosa akili ilipata nguvu Marekani kwa mvuto wa “dumm” ya Kijerumani. Kumwita mtu bubu kwa kumaanisha hana akili ni kuwatukana watu wawili kwa mara moja.

Kuna na tahadhari ya kisarufi. “Fool” ni nomino, lakini pia ni kitenzi chenye maana ya kudanganya. Ukiandika kwamba mfanyabiashara alim-“fool” Juha, kisha kadhi akatamka “fool” kwa maana ya mpumbavu, mtoto atachanganyikiwa asijue nani ni nani. Kwa tendo la mfanyabiashara tumia “cheat”, ili “fool” libaki huru kwa ajili ya hukumu.

Kuhusu kauli ya mfanyabiashara mwenyewe, ningeweka “idiot”. Yeye anatukana, na tusi lisikike kuwa tusi. Mjinga wa kadhi awe “ignorant”.

Jibu: Muuguzi wa Ughaibuni, Leicester

Mwalimu, shikamoo. Nimefaidika sana na maelezo yako juu ya “silly” na “foolish”, lakini naomba nipingane nawe kuhusu “idiot”, na sababu zangu zinatoka kazini. Nawahudumia watu wenye ulemavu wa akili hapa Uingereza, na maneno ambayo leo watu wanarushiana barabarani wakati mmoja yaliandikwa kwenye mafaili ya wagonjwa wa aina hii na katika vifungu vya sheria.

“Idiot” lilianzia kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa ni mtu wa faragha asiyeshiriki mambo ya mji, kisha likawa mtu asiye na elimu. Sheria za Uingereza za zama za kati zililitumia kwa aliyezaliwa na upungufu wa akili, ili kumtofautisha na aliyepatwa na wazimu baadaye, na mfalme ndiye aliyekuwa msimamizi wa ardhi ya mtu wa namna hiyo. “Imbecile” ni Kilatini, dhaifu tu. Lililobaki, “moron”, halina hata historia ya mtaani: lilibuniwa mwaka 1910 na mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, aliyefanya kazi katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey. Goddard alichukua vipimo vya akili vilivyotungwa Ufaransa na Binet na Simon mwaka 1905, akawapanga watu kwa kile kilichoitwa umri wa akili: ambaye hakufikia miaka 3 akaitwa “idiot”, wa miaka 3 hadi 7 akaitwa “imbecile”, na wa miaka 8 hadi 12 akapewa neno jipya, “moron”.

Maneno hayo yaliwafuata watu mpaka katika maisha yao. Hapa Uingereza, sheria ya mwaka 1913 iliyaweka “idiot” na “imbecile” kama makundi rasmi ya watu wanaoweza kutengwa na jamii na kuwekwa katika taasisi, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1959. Marekani, mwaka 1927, Mahakama Kuu ya nchi iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga uzazi msichana aliyeitwa Carrie Buck kwa madai kwamba yeye, mama yake na mtoto wake mchanga wote walikuwa na akili pungufu. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika katika hukumu hiyo kwamba vizazi vitatu vya “imbeciles” vinatosha. Mtoto huyo alipofika shule alifanya vizuri katika masomo, lakini mama yake alikuwa ameshafungwa uzazi kwa nguvu ya neno lililoandikwa na watu waliojiita wataalamu.

Ninalieleza hili kwa uchungu kwa sababu mwenendo wake haujakoma. Kila neno huingia hospitalini likiwa safi, hutoka likiwa chafu, na linapofika uwanja wa shule linakuwa fimbo ya kuwapigia watoto walewale lililokusudiwa kuwasaidia. Neno “retarded” nalo lilipita njia hiyohiyo, hata mwaka 2010 Marekani ikatunga sheria ya kuliondoa katika maandishi ya serikali kuu. Kiswahili hakikusalimika: taahira, punguani na zezeta yametumiwa vivyo hivyo, na ndiyo maana sisi tulio kazini tunasema mtu mwenye ulemavu wa akili, ingawa ni maneno manne zaidi.

Katika orodha ya maneno ya kuepuka ongeza “cretin”. Lilitoka katika lahaja ya Kifaransa ya milima ya Alps, ambako lilikuwa na maana ya Mkristo, kana kwamba wanajikumbusha kuwa huyu naye ni mtu, nalo lilitumiwa kwa watoto waliozaliwa na akili na mwili uliodumaa kwa sababu udongo wa milimani haukuwa na iodini. Ugonjwa huo ndio unaozuiwa na chumvi yenye madini joto, maneno ambayo mama yeyote wa Tanzania ameyasoma kwenye pakiti ya chumvi jikoni mwake. Hakuna sababu ya kumtukania mtu upungufu wa chumvi.

Sisemi kwamba “idiot” limepigwa marufuku. Waingereza marafiki huambiana kila siku, hata kwa mapenzi, na watangazaji wa mpira hulitumia. Lakini kitabu cha ngano husomwa kwa sauti darasani, na katika darasa hilo huenda amekaa mtoto ambaye bibi au mjomba wake aliwahi kuandikwa hivyo kwenye karatasi ya serikali. Kwa “moron”, “imbecile” na “cretin” sina mjadala kabisa, yaachwe.

Jibu: Msomaji wa Maandiko, Dodoma

Nimewasoma wote wawili, na naona ufunguo wa hukumu ya kadhi uko karibu yetu zaidi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa tayari tunacho kitabu ambacho Waingereza na Waswahili wamekisoma kwa vizazi vingi, kila mmoja kwa lugha yake, na ndani yake mjinga na mpumbavu wamepewa nafasi mbalimbali.

Chukueni Mithali 14:15 katika tafsiri yetu ya Union: “Mjinga huamini kila neno, bali mwenye busara huangalia sana aendavyo.” Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamwita mtu huyo “the simple”. Si mwovu, ila mlango wake hauna komeo na kila mpita njia anaingia. Huyo ndiye Juha hasa, aliyeambiwa kwamba ni tisa akaamini.

Sasa mtazameni mpumbavu. Katika Luka 12 kuna tajiri ambaye shamba lake limezaa sana, naye anapanga kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Mtu huyo anajua kulima, anajua kuhifadhi na anajua kupiga hesabu ya miaka mingi mbele, lakini anaambiwa, “Mpumbavu wewe, usiku huu wa leo wanataka roho yako,” na Kiingereza kinasema “Thou fool”. Hakuna anayeweza kudai kwamba tajiri yule alikosa akili. Katika Mathayo 25, wanawali watano walioacha kuchukua mafuta wanaitwa wapumbavu, kwa Kiingereza “foolish”, nao hawakutofautiana na wenzao kwa kichwa bali kwa kujali. Nabali wa kitabu cha kwanza cha Samweli, ambaye jina lake lenyewe linafungamanishwa na upumbavu, ni tajiri wa kondoo anayewanyima chakula watu waliomlindia mifugo.

Na hapa kuna jambo ambalo Muuguzi ameligusa bila kulifikia. Wanawali wale, kwa Kiyunani cha Injili, wanatajwa kwa neno “morai”, na neno hilo ndilo asili ya “moron” ya Goddard. Yaani neno lililokuwa likimhukumu mtu kwa alichokitenda huku akijua lilichukuliwa likafanywa kipimo cha kile alichozaliwa nacho, ambacho hakukichagua. Kwa macho yangu hilo ndilo kosa kubwa katika historia nzima ya maneno haya, na mfasiri anayeweka “idiot” mahali pa mpumbavu analirudia kosa hilo kwa kiwango kidogo.

Kwa hiyo, ndugu Mwanapwani, mpumbavu wa kadhi ni “fool”, bila shaka yoyote, na uzito wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani siku hizi. Mathayo 5:22 katika Kiingereza hichohicho cha 1611 inamwonya anayemwita ndugu yake “Thou fool” kwamba yuko katika hatari ya moto wa jehanamu. Mfanyabiashara naye atumie “fool” anapomtukana Juha, ili kadhi alipokee neno lilelile na kumrudishia. Ukimpa mfanyabiashara “idiot” na kadhi “fool”, ule mzunguko wa neno kutoka kinywa kimoja na kurudi kwa mwenyewe utapotea, na mzunguko huo ndio hukumu.

Nyongeza: Mwanapwani

Muuguzi na Msomaji, mmenifungulia jambo ambalo kamusi hazikulifungua. Nakubali kwamba mfanyabiashara na kadhi washirikiane neno moja, na kwamba neno hilo ni “fool”.

Nimebaki na mashaka mawili. La kwanza ni mjinga. Mwalimu amependekeza “ignorant” na Msomaji amependekeza “simple”, lakini nimesikia jamaa walioko London wakisema kwamba “ignorant” siku hizi ni tusi la kumwambia mtu hana adabu. La pili ni kichwa cha ngano: niandike “The Fool and His Donkeys”, au nimwache Juha kama alivyo? Kuhusu “dunce” nalo, je, kwa kuwa Juha ameshindwa hesabu, halifai?

Jibu: Kijana wa Eastlands, Nairobi

Kaka Mwanapwani, naomba nijibu hilo la “dunce”, kwa kuwa nilifundishwa habari zake chuoni. Lilitokana na jina la mwanafalsafa John Duns Scotus, aliyezaliwa Duns huko Scotland na kufariki Cologne mwaka 1308, mmoja wa wanafikra wenye kina kirefu katika enzi yake. Wasomi wa karne ya 16 waliotaka elimu mpya waliwaona wafuasi wake kuwa wagumu wa kubadilika, wakaligeuza jina la mji wake kuwa jina la mtu asiyefundishika. Baadaye likawa neno la shule, likaja na kofia ndefu ya kuvalishwa mwanafunzi aliyeshindwa ili achekwe. Kwa hiyo maana yake ya ndani ni asiyefundishika, ilhali kadhi wako anasema kwamba Juha hufundishwa. Yanapingana moja kwa moja.

Niongeze pia kwamba vijana wa Uingereza wana “wally”, “muppet”, “numpty” na mengine mengi ya namna hiyo. Ni maneno ya mahali na ya kizazi, na kitabu kinachokusudiwa kusomwa Toronto na Leicester kwa pamoja hakiwezi kuyategemea.

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Tanga

Muuguzi, marahaba mwanangu. Hoja yako juu ya “idiot” pamoja na ya Msomaji juu ya mzunguko wa neno zimenitosheleza; mfanyabiashara aseme “fool”.

Kichwa cha ngano kiache kibaki na jina la Juha. Kwa Waarabu Juha ni jina la mtu, na visa vyake vimechanganyika na vya Nasreddin wa Waturuki kiasi kwamba ni shida kuvitenganisha. Sisi ndio tuliolifanya jina hilo kuwa nomino ya kawaida. Tena, “The Fool” katika kichwa cha hadithi ya Kiingereza humpeleka msomaji kwenye jumba la mfalme, ambako “fool” alikuwa mchekeshaji wa kuajiriwa, kama Will Somers aliyemtumikia Henry wa Nane. Waingereza wa zama hizo walitofautisha “fool” wa kuzaliwa na “fool” wa kujifanya, na huyu wa pili aliweza kumwambia mfalme ukweli ambao waziri hakuthubutu. Juha wa visa vingine yuko karibu sana na mchekeshaji huyo, lakini Juha wa punda hajifanyi. Anahesabu kwa moyo mweupe. Jina lake mwenyewe litamlinda na picha isiyo yake.

Kwa mjinga nakubali kwamba “ignorant” limeharibika katika masikio ya wengi. Hata hivyo tusisahau kwamba kwa Kiswahili cha nchi yetu ujinga ulitajwa na Mwalimu Nyerere pamoja na umaskini na maradhi kama adui wa kupigwa vita, na wazee walioingia madarasa ya kisomo miaka ya 1970 hawakujiona wametukanwa waliposikia kwamba lengo ni kufuta ujinga. Mjinga kwa maana hiyo ni hali inayokwisha. Kiingereza kimejaa nomino za kumganda mtu, na chache sana za hali ya kupita, kwa hiyo shauri langu ni uache kutafuta nomino. Tumia kitenzi: “This man does not know, and a man who does not know can be taught.” Kisha kadhi amgeukie mwenzake: “You knew. You are the fool.” Neno moja tu la lawama linatajwa katika hukumu nzima, nalo linaangukia mahali pake.

Jibu: Muuguzi wa Ughaibuni, Leicester

Naunga mkono kitenzi kwa mikono miwili. “Simple” lina uzuri wake katika Biblia ya zamani, lakini katika mazungumzo ya hapa, ukisema kwamba fulani ni “a bit simple”, watu wataelewa kuwa unaficha maneno ya ulemavu wa akili, na tutakuwa tumerudi palepale tulipotaka kuondoka.

Jibu: Msomaji wa Maandiko, Dodoma

Dada Muuguzi, hilo ni kweli kwa mazungumzo, nami naliondoa pendekezo langu kwa kauli ya kadhi. Ila kwa methali ya mwisho naomba “the simple” lifikiriwe tena. Methali haisemwi na mtu mmoja kumhusu mtu mmoja, na sauti yake ya kale ndiyo inayoipa haki ya kufunga ngano. Mithali 21:11 kwa Kiingereza cha 1611 inasema kwamba mwenye dharau akiadhibiwa, “the simple is made wise”, na hayo ndiyo yaliyotokea mbele ya kadhi: mfanyabiashara anaadhibiwa na Juha anaerevuka. Tena kitenzi kuerevuka kinadai mtu anayeweza kubadilika, na “simple” aliyefanywa “wise” anabadilika mbele ya macho ya msomaji.

Jibu: Mwanapwani, Mombasa

Nawashukuru nyote kwa moyo mliouonyesha. Nimeipanga upya sehemu ya mwisho kama ifuatavyo. Kichwa kinabaki “Juha and His Donkeys”. Mke anasema “You silly man, and what about the one you were riding?” Mfanyabiashara anamdhulumu Juha kwa “cheat”, na mbele ya kadhi anauliza kosa lake ni lipi ikiwa mwenzake ni “a fool”. Kadhi anajibu kwa kitenzi alichokipendekeza Mwalimu, kisha anamrudishia mfanyabiashara neno lake.

Methali nimeiandika hivi: “When the simple grow wise, let the clever beware.” Nimeisoma kwa sauti mbele ya mpwa wangu anayesoma Leicester na aliyekuja likizo, nami nikamwuliza “the simple” ni nani katika ngano hii. Alijibu kwamba ni Juha kabla hajafundishwa kuhesabu. Kwa jibu hilo nimeliacha neno mahali pake, na ukurasa unakwenda kwa mhariri pamoja na nyingine.